Kikosi cha Michi

Kila alasiri mchi wangu ulitoweka. Nilikuwa naanika mpunga kwenye mkeka, natwanga kidogo, nageuka kuchochea moto, nikirudi nakuta kinu kimebaki peke yake, mdomo wazi. Sikuwa na haja ya kuuliza. Nilitoka mpaka njiani nikamwita mwanangu kwa sauti niliyopewa na Mungu, na sauti hiyo haikuwa ndogo. Watu wa Kindu walinitania kwamba nikiita mtoto huku, wavuvi wa Alunguli ng'ambo ya mto wanaitika. Mwanangu lakini hakuitika. Alikuwa uwanjani karibu na kivuko, mchi wa mama yake begani, kifua mbele, anamtazama mzee mmoja kiguru kana kwamba mzee yule ndiye aliyembeba tumboni.

Mzee huyo watoto walimwita mwalimu, nami nitamwita hivyo hivyo. Zamani alikuwa askari katika walinzi wa mfalme wa Unguja. Alikuja bara na msafara wa pembe, funza wakamla vidole vya mguu wa kuume, msafara ukaenda zake ukamwacha kwetu na koti lake jekundu lililopauka. Mtu mwingine angekaa barazani akaomba. Yeye aliwatazama watoto wa Kindu wakirushiana matope, wakiiba miwa, wakiwacheka vikongwe, akasema hawa wanahitaji mstari. Hakuna aliyemtuma wala aliyemlipa. Bunduki hakuwa nayo hata moja, basi akamwambia kila mtoto alete mchi wa kwao. Ndiyo maana siku zile mji mzima ulikuwa unachelewa kula.

Mimi nilikasirika, na sikukasirikia mchi tu. Katika mstari ule mwalimu hakuangalia mtoto wa nani. Mtoto wa mwungwana, mtoto wa mtumwa, mtoto wa wenyeji wa msituni, wote bega kwa bega, na kama mtoto wa mtumwa alikuwa anageuka vizuri zaidi, basi yeye ndiye aliyesimama mbele. Mwanangu mimi! Baba yake mtu wa pwani kabisa, marehemu, aliyenileta huku akafia ugenini kwa homa, aliyekuwa akinunua kanzu nyeupe hata mwaka wa njaa! Nilikwenda uwanjani nikamwambia mwalimu, "Wewe mzee, mtoto wangu hawezi kusimama nyuma ya mtoto wa mpishi." Akanijibu pole pole, "Basi mwambie mtoto wako ageuke haraka." Watoto wakabana midomo wasicheke. Nilirudi nyumbani nikipiga kelele njia nzima.

Sheria za kikosi zilikuwa chache, na watoto walizitamka kwa sauti kabla ya kuanza. Usiseme uongo. Mdogo ale kwanza. Mwenzako akianguka, mbebe. Asiyeitwa haondoki kwenye mstari. Baada ya kugeuka-geuka na michi yao walikwenda kufanya kazi: kusafisha njia ya mtoni, kuwakatia kuni wajane, kulinda mashamba ya mpunga na nyani, kubeba wagonjwa kwa machela. Wasichana nao walikuwemo, na wao ndio waliobeba vibuyu vya maji. Nilikuwa nasema ni upuuzi. Halafu kiangazi kimoja nyumba ya kikongwe kipofu ikashika moto saa ya mchana, upepo unavuma, na sisi watu wazima tukakimbilia kila mtu kwake kutoa vyombo vyake. Watoto hawakukimbia. Walijipanga kutoka mtoni mpaka kwenye moto, vibuyu vikapita mkono kwa mkono, na mwanangu na mwenzake wakaingia ndani wakatoka na kikongwe juu ya machela. Nyumba iliungua nusu, mtaa wote ukapona. Tangu siku ile mchi nikawa nauacha wenyewe karibu na mlango, lakini sikumwambia mtu.

Palikuwa na mtu mwingine aliyejitolea kwa kikosi, jirani yangu. Alikuwa mwanamke wa ng'ambo, mzaliwa wa Alunguli, mfanya mawese. Alizaa mara nyingi na kuzika mara zote. Mumewe naye alishakwenda. Alivuka na kujenga kwetu, ua wake na wangu ukatenganishwa na safu ya migomba tu. Huyu kila watoto walipomaliza kazi alikuwa tayari uwanjani na chungu cha ndizi na sombe, majani ya muhogo, anawapakulia, mdogo kwanza. Mwanangu alikuwa akirudi nyumbani kashiba, wali wangu anauchokora kwa ncha ya vidole. Mungu anisamehe, hilo liliniuma kuliko mchi. Nilimwambia jirani, "Kikosini huna mtoto, unapika cha nini?" Akacheka. "Mama, mimi sina mutoto, njo maana niko na chungu kikubwa." Utamfanya nini mtu wa namna hiyo?

Basi ukaja mwaka wa minong'ono. Tulisikia huko chini ya mto kuna vita, Wazungu wamekuja na askari wao, na wakubwa wetu wanakusanya watu kila kijiji. Mitumbwi ilipita imejaa vijana waliokaa kimya. Mama mmoja akimwona mwingine kisimani aliuliza kwanza "Watoto hawajambo?" halafu ndiyo salamu nyingine. Mimi nilianza kulala vibaya. Mwanangu sauti yake ndiyo kwanza ilikuwa inavunjika, mabega yamepanuka, na kila nilipomwona amebeba mchi ule nilimwita ndani bila sababu ya kuitaja.

Siku moja habari ikafika kwamba kapteni wa mmoja wa wakubwa hao anapita Kindu na mitumbwi yake. Mwalimu akafurahi. Hiyo ndiyo kasoro aliyokuwa nayo mzee yule: alikuwa amekaa muda mrefu bila kuonwa na mtu anayeijua kazi yake. Akawaambia watoto wafue nguo, wapake michi mafuta, wampokee mgeni kwa heshima. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Nasi akina mama tukajipanga kando na kanga zetu bora tukangoja.

Kapteni aliketi juu ya mkeka, watu wake nyuma yake. Walipoona michi walicheka. Mmoja akauliza kama hawa ni askari au watwangaji. Mwalimu akainua mkono, akatoa amri, na kikosi kikageuka. Mguu mmoja. Wakageuka tena, mguu mmoja, vumbi moja. Kicheko kikaisha. Kapteni akasimama akatembea mbele ya mstari, akiwabonyeza mabega mmoja mmoja kama mtu anayechagua ndizi sokoni. Alipofika kwa mwanangu, aliyekuwa sasa wa kwanza kuume, akamwinua kidevu.

"Huyu wa mbele ni mtoto wa nani?"

"Wangu!" nikasema. Sauti ile ile ya Alunguli. Nilijawa na fahari hata miguu haikugusa chini. Kapteni akageuka akanitazama vizuri, akatikisa kichwa, akaniambia nimezaa.

Halafu akamwendea mwalimu akamshika bega. "Mzee, umenifanyia kazi yangu. Hawa wamebaki kupewa bunduki tu. Nakwenda Nyangwe. Nikirudi nawachukua wavulana wote."

Mwalimu akasema, na nilimsikia, "Bwana, mimi nawafundisha kuishi na watu."

"Anayejua kuishi na watu ndiye askari huyo huyo," kapteni akasema. Aliacha watu wake wachache kivukoni wenye bunduki, wa kuangalia mtu asitoroke, akapanda mtumbwi akaondoka.

Lo! Jioni ile Kindu haikupika. Mwalimu alipita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, alipofika kwangu nilikuwa namngoja mlangoni. "Umewanenepesha kuku," nikamwambia, "na kicheche umemwita wewe mwenyewe, umempigia na ngoma!" Alisimama pale mbele ya matusi yangu amenyooka, mikono ubavuni, mpaka nikachoka. Nikamfungia mlango. Mwanangu alikuwa ndani, na nilipogeuka nikaona anaogopa. Mtoto aliyeingia kwenye moto! Nilimpakulia wali akala wote, akaniomba tena, nami nikamsogezea sahani yangu.

Waliopata dawa walikuwa akina mama wenyeji. Kwao mvulana hatahiriwi nyumbani. Hungojwa mpaka sauti ivunjike, ndipo vijana wa rika moja huingizwa msituni pamoja, kwenye kambi ya mukumbi, wakakaa huko miezi. Njia ya kambi hufungwa kwa makuti yaliyochanwa. Mtu asiyehusika akipita makuti yale, silaha yake haitalia tena na yeye mwenyewe hatazaa. Watu wa kapteni nusu yao walikuwa wametahiriwa katika msitu huo huo. Ungewapa pembe zote za Maniema wasingepita. Kwa hiyo wazee wakavuta mukumbi mbele, ukawa upesi kabla ya kapteni kurudi, na wale walinzi wa kivukoni waliposikia ngoma yake wakageuza nyuso zao upande wa maji. Hata baadhi ya wapwani waliooa wenyeji, waliokuwa hawajawatahiri watoto wao, waliwapeleka wakishukuru Mungu kwa uzembe wao.

Mwanangu alitahiriwa angali anatambaa. Baba yake alimwita kinyozi wa msafara, nikapika wali na mbuzi, tukafurahi kwamba mtoto ameshakuwa safi. Sasa usafi ule ulikuwa unaniua. Wavulana wote wa kikosi walikuwa wanaingia mafichoni, amebaki mmoja tu, wangu, yule niliyempigia kelele mbele ya kapteni kwamba ni wangu. Nililia nikajipiga kifuani. Nilifikiria kumficha darini, nikamfikiria akikohoa. Nilifikiria kumvukisha kwa mtumbwi, nikawafikiria wale wenye bunduki. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema watu, lakini hawasemi mzazi afanye nini nao.

Jirani yangu ndiye aliyekuja, akipita katikati ya migomba. "Twende kwa mukubwa wa mukumbi," akasema. Nikamfuata bila hata kujifunga kanga vizuri.

Mkubwa huyo alikuwa mzee mkavu, jicho moja limefunikwa na ukungu. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mutoto huyo alikatwa ndani ya nyumba," akasema, "kama kuku. Kwetu hajakatwa. Kisu kinaweza kumugusa kidogo, tone moja la damu, inatosha. Lakini kuna mambo ya sahani."

Nikamwambia sahani ninazo, tena za pwani, za maua.

"Si sahani ya kununua." Akanieleza, naye hakuwa na haraka hata kidogo. Mvulana akiingia mukumbi amekufa. Mama yake humlilia pale kwenye makuti. Halafu kila siku mama humpikia kwa mkono wake, akaiweka sahani ya mti mahali panapojulikana, na mlezi wa kambi huja kuichukua. Sahani ikirudi tupu, mtoto ni mzima. Mtoto akifia huko, hakuna mtu anayekuja kusema: sahani inarudi imepasuliwa. Na mvulana akitoka, ni mtoto wa yule aliyemlilia na aliyemlisha. Huyo awe mama wa nchi hii, huku au ng'ambo, mwenye ukoo hapa, mwenye makaburi hapa. "Wewe uko na makaburi gani hapa?"

"La mume wangu!"

"Hilo njo la mugeni," akasema.

Nikafungua mdomo nimtukane, na maneno yalikuwa mengi na matamu. Jirani akanishika mkono. Akasema kwa sauti ya chini, "Mimi niko na makaburi." Kisha, akimwangalia mzee, si mimi, "Nitamulilia. Nitamupikia. Kama mama huyu anakubali."

Nilielewa mara moja, wala sikutaka kuelewa. Nikauliza kama mtu mjinga, "Na akitoka?"

"Akitoka ni wa huyu," mkubwa akasema. "Wewe utakuwa jirani."

Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Nilimlea peke yangu, kwa wali wangu, kwa sauti yangu. Nikamtazama yule mwanamke mfanya mawese, mikono yake myekundu kwa mafuta, na nikamchukia kabisa, moyo wote. Halafu nikasema nimekubali.

Siku ya kuingia, asubuhi, kikosi kilikwenda kwa mstari wake wenyewe. Hawakuamriwa. Michi waliirudisha kila mmoja kwa mama yake, wakajipanga mikono mitupu, wakatembea mguu mmoja mpaka kwenye makuti. Mwalimu alisimama mbali, maana hakuruhusiwa kukaribia. Mkubwa akaita mtoto mmoja mmoja, na kila alipoita, mama yake alianguka chini akapiga yowe la msiba. Mimi niliwekwa nyuma, miongoni mwa wanawake wasiohusika, nikaambiwa nikitoa hata chozi moja mambo yameharibika, kwani mtoto hawezi kuliliwa na wawili.

Wakamwita mwanangu. Jirani yangu akaanguka. Wee! Sijasikia kilio kama kile. Aliwalilia wote, wale aliowazika zamani na huyu wangu, akachimba mchanga kwa kucha zake. Mimi, mwenye sauti ya kuitikiwa ng'ambo, nilisimama nimeuma kanga. Mwanangu aligeuza kichwa kutafuta mtu. Sijui alikuwa anamtafuta nani kati yetu. Makuti yakafungwa nyuma yake.

Baada ya hapo maisha yangu yakawa sahani. Kila asubuhi nilisimama kwenye migomba nikimwangalia jirani akipika. Sikuruhusiwa kutia hata punje ya chumvi. Lakini kusema nani angenikataza?

"Hajazoea ndizi kila siku. Ataharisha."

"Atazoea."

"Na nyama hiyo ya nini? Usimpe nguruwe wa msituni! Ni haramu! Baba yake atageuka kaburini."

Akaweka mwiko chini. "Mama, unataka arudi muzima ao unataka arudi na tumbo safi?"

"Vyote viwili!" nikasema, na kwa kweli nilitaka vyote viwili. Alicheka mpaka machozi. Lakini tangu siku ile nikaona anapika samaki tu.

Alikuwa akienda na sahani kichwani, nami namfuata kwa mbali mpaka pale nilipokatazwa kuvuka. Halafu tunangoja. Adhuhuri mlezi anazirudisha. Kila mama anatambua yake kwa alama aliyoichonga pembeni. Ya jirani ilikuwa na mikato miwili mifupi, niliijua kuliko uso wangu. Nilikuwa nasimama pale kwenye mti nikiziangalia zinavyotolewa kwenye jamvi. Siku ambayo moja ilitoka imepasuka katikati, niliukumbatia mti kabla sijaona ni ya nani. Haikuwa yetu. Ilikuwa ya mke wa mpishi, mwenyeji, mama wa mtoto yule aliyekuwa akigeuka vizuri. Aliichukua vipande viwili akaviunganisha kwa mikono, akavishikilia hivyo njia nzima. Tulimsindikiza. Mimi nilitembea ubavuni pake mpaka mlangoni kwake.

Kapteni alirudi mvua zilipokuwa zinakaribia. Alikuta uwanja mtupu. Watu wake wakamnong'oneza habari ya makuti, naye akawapigia kelele, akawaambia wao ni wanawake, akawaamuru waende msituni. Hakuna aliyesogea. Wengine waliweka bunduki chini kabisa, wakajifanya wanafunga viatu wasivyokuwa navyo. Hapo kapteni akatazama umati, na jicho lake likanipata.

"Wewe mwenye sauti. Yule wa mbele, mrefu. Si ulisema wako?"

Kindu yote ikanitazama. Nilifikiria sheria ya kwanza ya kikosi, usiseme uongo, jinsi mwanangu alivyokuwa akiitamka nyumbani hata akiwa anaosha miguu. Nilikuwa naweza kusema ni wangu, yuko msituni na wenzake, na huo ndio ulikuwa ukweli wa jana. Lakini kapteni angejua kwamba mtoto wa pwani, aliyekwisha tahiriwa, hana haki ya makuti yale, angemdai, na wazee wasingekuwa na la kumjibu.

"Bwana," nikasema, "mimi sina mtoto."

"Ulisema wako!"

"Sina mtoto. Uliza watu."

Jirani yangu akatoka akasimama mbele yangu, na sahani yake ya mti mkononi, tupu, imerudi saa ile ile. "Yule njo wangu," akasema. "Mimi njo nilimulilia, watu wote walisikia. Sahani yake njo hii." Na wanawake wote, waungwana na watumwa na wenyeji, wakaitikia kwamba ni wake, wamesikia. Haikuwa uongo. Hilo ndilo lililoniuma.

Kapteni akatema mate chini. Akasema basi kuna mtu atalipa kwa safari hii ya bure, na mkono wake ukaanza kutembea juu ya umati, ukichagua. Kabla haujasimama, mwalimu akatoka kwenye kundi. Hakuna aliyemwita. Alikuwa amevaa koti lake jekundu, akaja akichechemea, akasimama mbele ya kapteni kwa heshima ya kiaskari.

"Vijana unao tayari, bwana, wengi, wa vijiji vingine," akasema. "Hawajui hata kugeuka. Nitakufundishia."

Kapteni alimtazama mguu, akamtazama uso, akasema haya, panda. Mwalimu alipokuwa anapita karibu yangu nilitaka kumwomba radhi kwa yale ya mlangoni, nikasema tu, "Mzee, hukuitwa." Akatabasamu. "Usiwaambie watoto," akasema. Mitumbwi ikaondoka. Hatukumwona tena, wala hatukusikia mtu aliyemwona.

Vita vilipita mbali nasi, vikabadilisha wakubwa wote, na siku ya kutoka mukumbi ikafika. Kambi ilichomwa moto, moshi ukaonekana mpaka Alunguli. Vijana wakatoka wamepakwa ngula, unga wa mti mwekundu, wembamba, warefu, kwa mstari, mguu mmoja, na pale alipokuwa akisimama mtoto wa mpishi wameacha nafasi. Wanawake walipanga mstari wao. Kila kijana alimwendea aliyemlisha akapiga magoti mbele yake, akaweka kichwa chake kwenye viganja vyake. Mwanangu akaja upande wetu. Nilimwona kovu jipya shavuni, nikaona anatembea vizuri, miguu yote miwili, macho yote mawili. Mwili wangu ulitaka kwenda. Nikajisemea asiyeitwa haondoki kwenye mstari, asiyeitwa haondoki kwenye mstari, nikazika vidole vya miguu kwenye mchanga. Akanipita. Akapiga magoti kwa jirani yangu, na yule mwanamke akamshika kichwa kwa mikono yake ya mawese. Nilipiga vigelegele kama jirani mwema anavyotakiwa.

Watu husema, ah, ni mila tu, baadaye atarudi kwako kwa mlango wa nyuma. Hawawajui watoto wale. Walifundishwa kwamba neno likishatolewa limetolewa. Alilala kwa jirani. Alimkatia kuni jirani. Nilikuwa namsikia upande wa pili wa migomba akiitwa kwa jina jipya, akiitika.

Siku chache baadaye, alasiri, nilikuwa natwanga mpunga, kidogo tu, wa mtu mmoja. Mchi sasa hakuna aliyeuiba. Nikasikia mtu amesimama nje ya ua.

"Hodi," akasema.

Sauti ilikuwa imeshakuwa nzito, lakini niliijua. Mtoto hapigi hodi kwao. Tangu aanze kutambaa hakuwahi kupiga hodi kwenye ua ule, aliingia akikimbia, akiangusha vitu, akichukua mchi bila kuomba.

"Hodi, mama. Mama ameniomba nije niazime mchi."

Nikajifuta uso kwa kanga. Nikautoa mchi kwenye kinu, nikaupangusa pumba, nikaenda nao mlangoni.

"Karibu," nikasema.